Kuendesha pedali za gitaa kwa betri ya kuchaji: mwongozo kamili

Chomeka gitaa kwenye ampli, pandisha volyumu, kisha usipige kitu. Sikiliza tu. Ule mvumo mzito unaotangulia muziki, wa hezi 50 au 60 kutegemea umeme wa nchi uliyopo, mara nyingi hautoki kwenye gitaa wala kwenye ampli. Umepanda kupitia adapta iliyochomekwa ukutani, ukasambaa kwenye pedali zote, vile visanduku vya kubadilisha sauti unavyovikanyaga kwa mguu. Chomoa adapta, weka betri, na huenda ukasikia ukimya ambao hukujua kama ubao wako wa pedali unaweza kuutoa.

Lakini wengi wakihamia kwenye betri hukutana na kelele nyingine: mluzi mwembamba kama wa mbu, unaopanda na kushuka unapogeuza kitasa cha dilei (pedali ya mwangwi). Wanailaumu betri. Betri haina kosa. Kazi yake ni kemia tu, inasukuma mkondo mnyoofu usio na mawimbi wala mlio. Kelele huingizwa na vile tunavyoviweka kati ya betri na pedali: vigeuzi vya volti, saketi za pawa benki, na waya mmoja unaogawiwa kila pedali. Kila hatua hapa chini nimeipanga kwa kuzingatia hilo, kwa sababu ndilo lililonichukua muda mrefu kulielewa.

Hatua ya 1: Geuza kila pedali, soma kibandiko

Kabla ya kununua au kuchomelea chochote, toa pedali zote ubaoni, zilaze kifudifudi mezani, na uchukue daftari. Kwa kila moja andika volti, aina ya mkondo, upande wa chanya, na miliampea inazokula.

Volti kwa kawaida ni 9. Zipo za 12, zipo za 18, na zipo zinazokubali popote kati ya 9 na 18. Aina ya mkondo huonyeshwa kwa herufi DC (mkondo mnyoofu), au mstari mnyoofu wenye vistari vitatu chini yake. Ukiona AC au alama ya wimbi, pedali hiyo inataka mkondo geu na betri haiwezi kuilisha moja kwa moja. DigiTech Whammy toleo la nne ni mfano. Iache nje ya mpango huu.

Upande wa chanya ndio unaoua pedali, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Karibu na tundu la umeme kuna mchoro mdogo: nukta katikati, nusu duara kuizunguka, na alama za kujumlisha na kutoa pembeni. Pedali nyingi za leo ni hasi katikati, chanya nje, na plagi yake ina kipenyo cha milimita 5.5 nje na tundu la milimita 2.1 ndani. Vifaa vingi vya nyumbani vinavyotumia plagi hiyohiyo, kama ruta na kamera za ulinzi, ni kinyume: chanya katikati. Plagi inaingia vizuri kabisa, haikatai, haikupi onyo.

Niliwahi kuchomeka waya wa ruta kwenye ovadraivu (pedali ya kukwaruza sauti) niliyoipenda. Taa haikuwaka, na baada ya sekunde chache nikasikia harufu ya plastiki iliyoungua. Nilipofungua nikakuta dayodi moja, ndogo kama punje ya mchele, imepasuka katikati. Ilikuwa imewekwa pale makusudi ili ijitoe mhanga saketi nyingine ipone, na ilipona. Si kila pedali ina mlinzi wa namna hiyo.

Kuna kundi moja la pekee: baadhi ya fazi (pedali za mkwaruzo mzito zaidi) zenye transista za jerimani (germanium) aina ya PNP, ambazo graundi yake, yaani njia ya pamoja ya kurudisha umeme, ni chanya. Ukiiunganisha fazi kama hiyo kwenye chanzo kimoja na pedali za kawaida, chanya na hasi za betri hukutana kupitia ngao ya nyaya za sauti, na hapo umetengeneza shoti. Ipe betri yake yenyewe, au mlango uliotengwa kabisa (nitaueleza mbele). Hakuna njia ya tatu.

Hatua ya 2: Pima mkondo, usikisie

Kibandiko mara nyingi kinataja mkondo wa adapta inayopendekezwa, si kile pedali inachokula hasa. Pedali inayoandikwa miliampea 100 inaweza kuwa inakula 25. Kupima ni rahisi ukiwa na maltimita ya kawaida.

Hamisha waya mwekundu wa mita hadi tundu la mkondo (kwanza lile la ampea 10, kwa usalama), geuza swichi hadi mkondo wa DC, kisha ikate njia ya umeme upande mmoja na kuiweka mita katikati, umeme upite ndani yake. Kwa pedali yenye nafasi ya betri ya volti 9 kuna mbinu nyepesi: funga kishikizo cha betri upande mmoja tu, kizungushe ili mdomo wa pili ubaki wazi, halafu gusa mdomo wa betri kwa ncha moja ya mita na mdomo wa kishikizo kwa nyingine. Usisahau kuchomeka waya wa gitaa kwenye tundu la kuingiza sauti. Kwenye pedali nyingi tundu hilo ndilo swichi ya kuwasha. Bila waya utasoma sifuri na kudhani mita imekufa.

Pima pedali ikiwa imewashwa na ikiwa imezimwa, kisha andika namba kubwa. Tyuna ipime ikiwa inaonyesha noti, taa zote zikiwaka.

Mfano wa ubao wa kawaida: tyuna 30, fazi 2, ovadraivu 8, korasi 20, dilei ya dijitali 75, rivabu ya dijitali 110. Jumla miliampea 245. Ona jinsi pedali mbili za dijitali zinavyobeba robo tatu ya mzigo wote. Hilo litatusaidia tutakapofika kwenye kelele.

Hatua ya 3: Chagua njia

Njia ya kwanza ni betri ndogo za volti 9 za kuchaji, moja kwa kila pedali. Zile za nikeli huwa na seli saba za volti 1.2, kwa hiyo kwa jina ni volti 8.4, na uwezo wake ni kama miliampea-saa 200. Kwa ovadraivu ya miliampea 8 hiyo ni zaidi ya saa 20. Kwa dilei ya 75 haifiki saa tatu. Kwa anayetumia fazi na ovadraivu peke yake, hii ndiyo njia kimya kuliko zote, maana kila pedali ina betri yake na hakuna inachoshiriki na jirani. Chomoa waya wa gitaa ukimaliza, la sivyo asubuhi utakuta betri tupu.

Njia ya pili ni pawa benki. Watu wengi wanayo tayari mfukoni, na inafaa, ila ina mitego mitatu.

Mtego wa kwanza ni hesabu. Miliampea-saa 10000 zilizoandikwa juu yake ni za seli ya ndani, kwa volti 3.7. Zidisha upate wati-saa 37. Toa sehemu moja ya tano inayopotea kwenye vigeuzi, zinabaki kama 29.6. Ubao wetu wa miliampea 245 kwa volti 9 unakula wati 2.2. Gawanya: saa 13 na ushei. Pawa benki ikizeeka hesabu hiyo inashuka, kwa hiyo mimi hupanga kwa saa 9 au 10.

Wa pili ni kujizima. Pawa benki nyingi hukata umeme zikiona mzigo ni mdogo mno, kwa sababu zinadhani simu imejaa. Ukiwa na fazi na ovadraivu tu, itazima katikati ya wimbo. Tafuta yenye hali ya mzigo mdogo, au hakikisha kuna pedali ya dijitali kwenye ubao.

Wa tatu ni jinsi ya kupata volti 9. Kuna nyaya zinazopandisha volti 5 za USB hadi 9 kwa kigeuzi kidogo kilichofichwa kwenye plagi. Nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya ruta, kwa hiyo ni chanya katikati. Soma tena kisa cha ovadraivu yangu. Njia safi zaidi ni pawa benki ya USB-C yenye mfumo wa PD (Power Delivery, wa vifaa kukubaliana volti), ambao una volti 9 kati ya ngazi zake za 5, 9, 15 na 20. Waya wenye kisaketi cha kuomba volti 9 huizungumzia pawa benki na kupewa. Ila usichomeke simu kwenye mlango wa pili huku ukipiga: pawa benki nyingi huanza mazungumzo upya, volti hushuka hadi 5 kwa muda au kubaki hapo, na utasikia mlipuko kwenye ampli.

Njia ya tatu ni pakiti ya seli za lithiamu yenye regyuleta yake, kifaa kinachoshikilia volti isipande wala kushuka. Hii ndiyo ninayoitumia, na ndiyo nitakayoieleza kwa undani. Zipo pia pakiti zilizotengenezwa tayari kwa ajili ya pedali, mfano Volto ya Pedaltrain. Kama hujawahi kushika pasi ya kuchomelea, nunua moja ya hizo uruke hadi hatua ya 5.

Hatua ya 4: Kutengeneza pakiti yako

Seli ya lithiamu ya aina ya 18650 ina volti 4.2 ikijaa, 3.6 au 3.7 kwa wastani, na karibu 3 ikiisha. Ukipanga tatu mfululizo unapata 12.6 ikijaa na 9 ikiisha. Usishawishike kuziunganisha moja kwa moja kwenye pedali kwa kuwa "tatu tu zimezidi". Baadhi ya pedali zina chipu ya MAX1044 inayogeuza au kuongeza volti, na kikomo chake ni volti 10.5. Pakiti iliyojaa itaiua papo hapo.

Kwa hiyo tunahitaji regyuleta, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Regyuleta ya 7809 inapatikana kirahisi, lakini inadai volti karibu 2 juu ya kile inachotoa, yaani 11. Pakiti yetu inafika 11 ikiwa bado na nguvu nyingi ndani. Sehemu kubwa ya chaji hutaweza kuitumia. Tumia LM2940 ya volti 9. Hii inaridhika na nusu volti tu ikibeba ampea nzima, kwa hiyo inaendelea kutoa 9 safi hadi pakiti ifike 9.5, ambapo seli ziko karibu 3.2 na hazina la maana lililobaki.

Kwa nini nisitumie kigeuzi cha kukatakata umeme, ambacho hakipotezi nguvu nyingi kwa joto? Kwa sababu ya ukimya. LM2940 haikatikati umeme. Inaubana tu kama bomba linavyobanwa. Hasara ni joto: pakiti ikijaa inabakisha volti 3.6 mara ampea 0.245, chini kidogo ya wati moja. Kipande kidogo cha bati la alumini mgongoni mwake kinatosha. Na hesabu ya muda inakuwa nyepesi mno, kwa sababu mkondo unaoingia ni karibu sawa na unaotoka. Seli za miliampea-saa 3000 gawa kwa 245, saa 12.

Kazi yenyewe iende kwa mpangilio huu.

Chukua seli tatu mpya za modeli moja. Pima kila moja. Zisitofautiane zaidi ya volti 0.05. Kama zinatofautiana, zichaji moja moja hadi zijae kwanza. Ziweke kwenye kishikilia seli tatu, au ununue pakiti iliyokwisha unganishwa kwa mashine. Usichomelee waya kwa pasi moja kwa moja kwenye seli, joto hilo huiharibu ndani na huwezi kuliona kwa nje.

Unganisha saketi ya ulinzi ya seli tatu, ile wanayoiita BMS. Ina alama za B−, B1, B2 na B+. Anza na B−, panda moja moja. Pima volti katika kila hatua: takriban 3.7, kisha 7.4, kisha 11.1 (zaidi kidogo kama zimejaa). Saketi hii hukata umeme seli ikishuka mno, ikijazwa mno, au kukitokea shoti. Usiiruke hata kama fundi mwenzako anakuambia seli zake zimeishi miaka bila hiyo.

Kwenye waya mwekundu unaotoka P+ (mlango wa chanya wa saketi hiyo), karibu kabisa na pakiti, weka fyuzi ya ampea 2. Baada ya fyuzi toa waya wa kuchajia, kisha swichi, kisha regyuleta.

Shika LM2940 maandishi yakikutazama: mguu wa kushoto ni wa kuingiza, wa kati graundi, wa kulia wa kutoa. Upande wa kuingiza weka kapasita ya mikrofaradi 0.47. Upande wa kutoa weka ya elektroliti ya mikrofaradi 22 au zaidi, karibu na mguu kadiri inavyowezekana. Mimi huweka 47. Usiweke ya kauri peke yake hapo. Regyuleta hii huhitaji ukinzani kidogo ndani ya kapasita yake ili itulie, na kauri haina wa kutosha, hivyo huanza kutetemeka yenyewe na kukuletea kelele uliyokuwa ukiikimbia.

Mwisho ni tundu. Tundu la kuchajia lifanye la aina tofauti kabisa na plagi ya pedali. Yanaweza kuonekana kama madogo, lakini usiku, jukwaani, gizani, mkono utachomeka popote panapoingia, na chaja ya volti 12.6 haitakiwi kuikuta pedali.

Hatua ya 5: Washa kwa mara ya kwanza bila pedali

Washa swichi, pima plagi: ncha nyekundu nje, nyeusi ndani. Mita isome volti 9 bila alama ya kutoa. Ikionyesha −9, nyaya zimegeuka.

Kisha ubebeshe mzigo wa majaribio. Kipingamizi cha omu 47 chenye uwezo wa wati 5 kitakula karibu miliampea 190. Kiache dakika 20, kitapata moto, regyuleta nayo itapata moto. Iwe ni joto unaloweza kuligusa bila kuondoa kidole. Volti ibaki palepale. Hapo ndipo unapoleta pedali ya kwanza, na iwe ile usiyoililia sana.

Hatua ya 6: Kufukuza mluzi

Sasa chomeka pedali zote kwa waya mmoja wenye plagi nyingi, na usikilize tena. Kama ubao una ovadraivu na korasi peke yake, kazi imekwisha. Kama kuna dilei na rivabu za dijitali, huenda mluzi ukarudi, na sababu ni hii: pedali ya dijitali ina saa ndani yake inayokatakata mkondo mara nyingi kwa sekunde. Mikato hiyo inarudi kwenye waya wa graundi unaoshirikiwa na kila pedali, kisha ovadraivu inaikuza pamoja na gitaa lako.

Usianze kununua vitu. Chomoa zote, rudisha moja baada ya nyingine, ovadraivu ikiwa imewashwa muda wote. Mluzi ukitokea, mhalifu ni aliyeingia mwisho. Jaribu kuilisha pedali hiyo peke yake kwa betri ndogo ya volti 9 kwa dakika moja. Ukimya ukirudi, umethibitisha: inahitaji mlango uliotengwa.

Mlango uliotengwa hauna muunganiko wa waya na pakiti. Nguvu inavuka kwa sumaku kupitia transfoma ndogo. Moduli ya B0909S ya wati moja inapokea volti 9 na kutoa 9 zilizotengwa, hadi miliampea 110 hivi. Inatosha dilei yetu ya 75. Rivabu ya 110 ingeifanya ifanye kazi kwenye ukingo, kwa hiyo hiyo ipe moduli ya wati mbili. Kumbuka mambo mawili: moduli hizi hazipendi kukaa bila mzigo, volti hupanda juu zaidi ya 9, kwa hiyo usizitumie kwa fazi ya miliampea 2 (ile ya graundi chanya ikila kidogo hivyo, ipe betri yake). Na zenyewe hukatakata umeme, kwa masafa yaliyo juu ya masikio yetu. Weka koili ndogo ya mikrohenri 47 kwenye njia ya kuingia na kapasita ya mikrofaradi 10 pande zote mbili, ili mikato hiyo isirudi kwenye pakiti. Upotevu wao nao uhesabu: zidisha miliampea za pedali hiyo kwa 1.3 unapopanga muda.

Milango miwili iliyotengwa ya volti 9 unaweza kuiunganisha mfululizo upate 18. Ya kawaida, isiyotengwa, ukifanya hivyo ni shoti.

Ile tyuna, fazi ya kawaida, ovadraivu na korasi zibaki pamoja kwenye waya mmoja wa LM2940. Hazisumbuani.

Hatua ya 7: Kuchaji na kutunza

Chaji kwa chaja ya volti 12.6 ya seli tatu za lithiamu, si adapta yoyote ya volti 12 uliyoiokota. Usipige huku ukichaji: chaja inakuunganisha tena na ukuta, na mvumo wote unarudi. Kama pakiti itakaa wiki kadhaa bila kazi, iache ikiwa nusu, volti kama 11.3, badala ya kuijaza. Usiichaji kwenye baridi iliyo chini ya nyuzi sifuri. Seli iliyovimba, iliyopondeka au iliyobabuka karatasi yake ya nje haina marekebisho, itoe.

Ukisafiri kwa ndege, pawa benki na pakiti kama hizi hupanda nawe kwenye mkoba wa mkononi, hazipelekwi na mizigo, na kikomo cha kawaida ni wati-saa 100. Pakiti yetu ina kama 33. Funika midomo yote ya waya kwa tepu.

Kisha fanya jaribio moja refu nyumbani. Jaza pakiti, washa ubao wote, anza saa. Kila baada ya saa moja pima volti ya pakiti na uandike. Karibu na mwisho utaona dalili zako mwenyewe: kwa kawaida pedali za dijitali huzima au kujiwasha upya kwanza, huku ovadraivu ikiendelea kuimba kwa sauti iliyobanwa kidogo (wapo wanaoipenda hivyo fazi yao, na siwalaumu). Andika saa ulizopata na tarehe kwenye kipande cha tepu, ukibandike chini ya ubao. Baada ya miezi sita rudia. Siku namba ya pili itakapokuwa robo tatu ya ya kwanza, badilisha seli zote tatu kwa pamoja.